Sauti Nne na Mfumo Mpya

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani yenyewe si ya mbali. Ni ile zamani ya juzijuzi, kompyuta zilipokwisha kuzoea kukaa sebuleni kama jamaa wa nyumbani. Palikuwa na mwalimu wa kwaya katika kijiji kimoja cha Kagera, jina lake Deusdedit. Alikuwa ametunga nyimbo sitini. Za Krismasi, za Pasaka, za ndoa, za mazishi, zote zilikuwa ndani ya kompyuta moja ya mezani, katika programu ya zamani ya kuandikia nota. Aliyemwekea programu hiyo ni padri mmoja aliyekwisha kuhama zamani, akaondoka na CD yake ya kuiwekea. Wimbo wa sitini na moja ulikuwa njiani. Huo ulikuwa wa kuadhimisha miaka mia ya parokia, na kwaya tano zilikuwa zinausubiri.

Sasa mjue na ugonjwa wa mzee huyu. Hakutoa karatasi. Kwaya fulani iliwahi kumchukulia wimbo wake ikauita wa kwake, na tangu siku hiyo hakuna aliyepewa nota mkononi. Alifundisha kwa mdomo, mstari kwa mstari, huku yeye mwenyewe akisoma kwenye kioo cha kompyuta. Waimbaji waliohama walihama na sauti zao, waliokufa wakafa nazo, na wimbo ukabaki kwenye kompyuta peke yake.

Basi macho ya Mwalimu yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi. Mwalimu akavuta kiti karibu na kioo. Akavuta tena. Mwisho pua ikawa inagusa kioo, na nota alizoziandika mwenyewe akaziona kama vumbi tu. Wimbo wa sitini na moja ukakwama kwenye ubeti wa pili.

Na kila asubuhi kompyuta ilileta tangazo lilelile, ambalo binti yake alimsomea mara moja akalikariri: mfumo mpya uko tayari, sakinisha sasa, au nikumbushe baadaye. Mwalimu alibonyeza baadaye. Kesho yake, baadaye. Mwaka ukaisha, baadaye.

Mkewe, Ma Adventina, alikuwa barazani akimenya ndizi, akimsikia akinung'unika "baadaye" kama mtu anayefukuza kuku. Huyu ndiye nataka mmfuate, kwa sababu kichwa chake hakikujua kutulia. Hakuwahi kugusa kompyuta, lakini alitaka kujua. Hicho kinachobisha hodi mwaka mzima bila kuchoka kimebeba nini? Na kwa nini kinaomba ruhusa, kama kingeweza kuingia chenyewe?

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake. Mambo makubwa hayakuamuliwa kwa kelele. Yaliamuliwa kwa sauti nne. Jumapili baada ya misa na chakula, jambo huwekwa mezani, na kila mtu husema kwa zamu ya sauti anayoimba. Sauti ya kwanza ni binti yao Kemilembe, mwalimu wa sekondari. Sauti ya pili ni Ma Adventina. Ya tatu ni Projestus, kijana wao aliye fundi wa kompyuta mjini Bukoba. Besi ni Mwalimu mwenyewe, na besi hufunga. Kwa miaka yote hiyo sauti ya pili ilikuwa na neno moja tu: "Sawa."

Jumapili moja, jambo lililowekwa mezani likawa ni hilo la mfumo mpya.

Kemilembe akaanza. "Baba, mimi nakataa. Shuleni kwetu kompyuta zote zimetiwa huo mfumo, na programu ya nota kama yako tuliyokuwa nayo imegoma kufunguka kwenye kila moja. Nyimbo sitini si maharage, kwamba yakioza utapanda mengine."

Zamu ikafika kwa Ma Adventina. Wote walikuwa wamekwisha kumgeukia Projestus, maana walijua atasema sawa. Yeye akasema, "Niacheni kwanza. Nataka kumsikia huyu."

Projestus akakohoa. "Dada anaogopa bure. Huu mfumo mpya unasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kila kilichoandikwa. Baba hataona, lakini atasikia. Na huu wa zamani wanaacha kuulinda. Mwaka huu virusi vitaingia humo kama kuku jikoni. Programu itafunguka. Shuleni walikosea kuweka."

"Umeijaribu?" akauliza Kemilembe.

"Nimeweka mfumo huu kwa watu wengi."

Msikilizeni vizuri huyo kijana. Aliulizwa jambo moja, akajibu jingine.

Mwalimu akasogeza sahani yake pembeni. Kisha akasema, "Mimi ndiye mwenye shida, na mwenye shida hana mizani. Nikikubali, ni tamaa. Nikikataa, ni woga. Leo besi inafuata sauti ya pili. Mama Kemi, amua wewe."

Ma Adventina alishtuka, na hakuona aibu kushtuka. Kisha akahisi furaha ya kitoto, kwa sababu sasa alikuwa na ruhusa ya kuuliza.

"Huo mfumo ukiingia, unaweza kutolewa?"

"Ndani ya siku kumi, Mama, tunarudi tulikotoka. Ya kumi ikipita, basi."

"Tukirudi, na hiyo sauti inaondoka?"

"Inaondoka nayo."

"Sauti yenyewe ni ya mwanamume au ya mwanamke?"

"Unachagua."

"Na nyimbo za baba yako, zitaguswa?"

"Hautaguswa hata mmoja."

Ma Adventina akafikiri. Kitu chenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, alisema moyoni, si cha kuogopwa hivyo. Na zaidi ya yote, nitawaambia ukweli, alitaka kuisikia ile sauti. "Uwekeni," akasema.

Ukawekwa. Ilichukua mchana kutwa. Jumatatu asubuhi sauti ya mwanamke ikasema kutoka kwenye kompyuta, kwa Kiswahili cha mgeni aliyeshuka jana na mabegi yake: "Karibu." Mwalimu akaitikia, "Asante, mama," nyumba nzima ikacheka. Akaagiza programu yake ya nota ifunguliwe. Sauti ikasema kwa upole uleule: "Programu hii haiwezi kufunguka kwenye mfumo huu." Akaagiza tena, akaambiwa tena. Mara ya tatu hakuna aliyecheka.

Nyimbo hazikuguswa, kweli. Zilikuwa palepale, zote sitini na ule mmoja nusu, lakini hakuna cha kuzifungulia. Programu ile ilikwisha kuacha kutengenezwa. Kemilembe akasema, "Nilisema," akarudi shuleni kwake. Projestus akasogea kwenye kompyuta. "Nirudishe, Baba?" akauliza. Mwalimu akasema, "Tumepewa siku kumi. Ngoja."

Sasa tazameni alichofanya Projestus. Aliomba likizo kazini. Akachukua kitenge cha mama yake, akajifunga macho, akakaa mbele ya kompyuta siku mbili, akipapasa vitufe na kusikiliza. Aligonga meza, alikosea, alikasirika, akaanza upya. Siku ya tatu akamketisha baba yake kitini, akamshika vidole. "Usitafute kwa macho. Hapa pana kijinundu, anzia hapa."

Na Mwalimu akagundua jambo. Akiandika nota kwa herufi za solfa, kama walivyofundishwa ubaoni enzi zao, ile sauti inasoma. Aliandika "d:r:m", ikasoma kila herufi kwa jina lake, na katikati ikasema "nukta mbili". Zile nukta mbili ndizo mapigo. Mzee akacheka mpaka akafuta macho. Alikuwa anaweza kuandika tena.

Lakini aandike nini? Wimbo wa sitini na moja aliuandika zamani kwa macho, na macho yalipoondoka yaliondoka na sehemu yake. Sauti ya kwanza aliikumbuka. Besi aliikumbuka. Ya pili ilimtoka kabisa. Siku ya tano, ya sita, akaacha kula vizuri. Alikaa mbele ya kompyuta mikono mapajani.

Ma Adventina alimtazama kutoka barazani. Alijua ni yeye aliyesema uwekeni, na liliuma. Lakini udadisi haukumwacha hata hapo. Wimbo, alijiuliza, unakaa wapi hasa? Kwenye kompyuta? Basi mimi ninapomenya ndizi naimba kitu gani? Siku ya saba akaanza kuimba sauti ya pili, polepole, kisu mkononi, tangu ubeti wa kwanza hadi mwisho. Miezi ile yote Mwalimu alipokuwa akitunga kwa kuguna, yeye alikuwa akimfuata huku nje.

"Rudia hapo," Mwalimu akasema kutoka ndani. Akarudia. Vidole vikaanza kufanya kazi. Walipofika ubeti wa pili, pale wimbo ulipokwama, yeye hakukwama.

"Hapo mimi sikuandika kitu," akasema Mwalimu.

"Mimi nilikuwa naimba hivi siku zote. Nilidhani ndivyo ulivyoandika."

Mwalimu akaijaribu chini yake kwa besi. Akaijaribu tena. "Ndivyo nitakavyoandika," akasema. Siku ya tisa wimbo ukakamilika.

Siku ya kumi ikafika. Projestus alikaa kitini, kidole juu ya kitufe. "Baba, ikifika saa kumi jioni mlango unafungwa. Nikirudisha, nyimbo sitini zitafunguka, lakini hutaziona, na sauti itaondoka. Nisiporudisha, una sauti, lakini sitini zimekwenda. Nifanyeje?"

Mwalimu alishika meza. Miaka arobaini ya maisha yake ilikuwa mle ndani, na Ma Adventina, aliyeimbiwa mmoja wa nyimbo hizo siku ya ndoa yao, alitamani mtu mwingine aulizwe swali hilo, si huyu mzee.

"Usirudishe," Mwalimu akasema. "Sitini nimekwisha kuziimba. Niachie sauti ya kutungia."

Saa kumi ikapita. Mwalimu akaenda kulala na jua bado liko juu.

Kesho yake asubuhi Kemilembe akaingia na furushi la karatasi, akaliweka mapajani mwa baba yake. Nyimbo sitini, zimechapwa, moja moja, kwa mpangilio wa miaka. Alikuwa amezinakili kwenye flashi kimyakimya, akazichapa kwenye kompyuta ya mwisho ya shule siku moja kabla haijatiwa mfumo mpya. Mwalimu akazipapasa kurasa kama anayetafuta joto la mkate. 

Ma Adventina akamgeukia binti yake. "Ulizichapa lini?"

"Kabla ya kile kikao chetu, Mama."

"Na ukamwacha baba yako siku kumi anakonda? Jana ukamwacha akaaga nyimbo zake?"

Kemilembe akatazama chini. "Ningesema siku ile, mngeweka mfumo bila kufikiri. Na Baba amekataza karatasi. Baadaye nikataka Projo ajifunze. Halafu kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi kusema."

Haya. Sasa yamebaki maneno machache, nayo ndiyo mazito. Watunzi wa kwaya wana mazoea: juu ya wimbo, upande wa kushoto, huandikwa kwa nani wimbo umetolewa. "Kwa" fulani. Jina moja. Mwalimu aliwaandikia maaskofu, akawaandikia maparoko, akawaandikia marehemu. Mtu wa nyumbani kwake hakuwahi kumwandika hata mmoja, na wimbo huu wa miaka mia ulikuwa wa kuimbwa na kwaya tano, halafu uwekwe kwenye kabati la parokia. Akasema utakuwa na jina la mmoja wao. Kwa hiyo Jumapili wakakaa tena, kila mtu kwa zamu ya sauti yake.

Kemilembe akasema: "Mimi nilijua, nikasema, sikusikilizwa. Bila karatasi zangu, sitini zimekufa."

"Ulizificha," akasema Projestus.

Ma Adventina akasema: "Mimi niliukamilisha wimbo wenyewe. Ubeti wa pili una sauti yangu. Sitaki kujifanya mnyenyekevu, nataka jina langu liwe hapo."

"Lakini ni wewe uliyesema uwekeni, Mama," akasema Kemilembe kwa sauti ya chini.

Projestus akasema: "Mimi nilimpa Baba masikio mahali pa macho. Nilijifunga kitenge siku mbili. Bila mimi pasingekuwa na wimbo wowote wa kuandikwa jina."

"Uliulizwa kama umejaribu," akasema Ma Adventina, "ukatujibu habari za watu wengi."

Ikabaki besi. Mwalimu akavuta kiti, akapapasa kijinundu kwenye kitufe, akaandika neno moja juu ya wimbo. Sauti ya yule mgeni ikalisoma: "Kwa." Kisha ikanyamaza, ikamngoja. Vidole vya mzee vilikuwa juu ya vitufe, na watu watatu aliowapenda walikuwa nyuma ya kiti chake, kila mmoja akijua haki yake na kosa lake.

Nami nimewaachia hapo hapo, kwa sababu tangu nilipoisikia habari hii nimebadili jina mara tatu. Nyinyi mnaosikiliza, vidole vingekuwa vyenu: je, nani alistahili kuandikwa?