Sironka Aliyekataa Kuhesabu Mbegu

Asiyehesabu mbegu huhesabu mifupa. Mmeisikia leo mnadani, mkacheka. Haya, kaeni niwaambie methali hiyo ilizaliwaje, halafu mcheke tena kama mtaweza.

Sironka alikuwa na ng'ombe wengi. Wangapi? Hakuna aliyejua, maana kwetu ng'ombe hawahesabiwi; mtu huwatazama wakiingia bomani akajua nani hayupo. Kuhesabu ni kuita mkosi. Mwaka ule ukame ulikuwa umekwangua hata alalili, yale malisho ya akiba ya ndama. Likapatikana gunia la mbegu za nyasi, moja tu, naye ndiye aliyekabidhiwa.

Akamwita Mlay, dereva wa trekta, aje na mashine yake ya kupandia. Mashine yenyewe ilikuwa imetoka kupanda ngano. Mlay akaliinua gurudumu lake kwa jeki.

"Mzee, tutandike nguo chini, nizungushe gurudumu mara ishirini na tano, tupime mbegu zitakazoanguka. Matundu haya yamefunguliwa kwa ngano. Mbegu za nyasi ni ndogo, zitamwagika zote."

Naisenya, mke wa Sironka, alikwisha kuvua shuka lake begani. "Baba Letoya, mwache apime."

"Kuhesabu tena?" Sironka alifoka. "Mnataka kunimalizia mifugo?"

"Mbegu si ng'ombe, mzee," alisema Mlay.

"Mbegu ni nyasi, na nyasi ni ng'ombe! Shusha gurudumu, upande."

Mlay akashusha. Angefanyaje, na shamba si lake? Trekta haikumaliza hata robo ya eneo, sanduku la mbegu likawa tupu. Sironka alitia mkono ndani, akatoa vumbi.

Mvua ilinyesha kidogo, ikakata. Nyasi ziliota pale kwenye kona tu, zimesongamana, na ng'ombe wakazimaliza kwa siku nne. Kwingine kote ulikuwa udongo mtupu. Wakaanza kufa, ndama kwanza. Wa mwisho alikuwa jike la kijivu ambalo Sironka alipewa na marehemu mama yake, nalo lilikata roho kichwa kikiwa mapajani mwake. Sironka akalia, mtu mzima yule, mbele ya watu.

Miezi baadaye walikuja watu wa msaada kugawa mitamba. Sharti lilikuwa moja: kila mfugaji aonyeshe mafuvu ya ng'ombe wake, ataje idadi. Sironka akapita uwandani na fimbo yake, akigusa fuvu baada ya fuvu. "Moja. Mbili." Tangu azaliwe hakuwahi kutamka hivyo juu ya mifugo yake. Alipofika arobaini na tatu alisimama, na mafuvu bado yalikuwepo mbele.

Naisenya alikuwa akimfuata nyuma. Hakupaza sauti.

"Endelea, Baba Letoya," alisema. "Asiyehesabu mbegu huhesabu mifupa."