Ua la Nane

Hapo zamani, wakati kofia za viua zikishonwa kwa mkono nyumba hadi nyumba, mtu wa kwanza kumwambia Mize kwamba baba yake ameikataa kofia alikuwa jirani yake, Somoe. Alikuja saa tisa ya mchana, kofia ameificha ndani ya kanga, hamtazami mtu usoni.

"Shoga," alisema, "mzee hakuitaka."

"Hakuitaka vipi?"

"Aliishika tu. Akaizungusha kwa vidole. Akasema, 'Maua saba na nusu. Ni yule yule mwanangu, huanza, hamalizi.' Akanirudishia."

Mize hakulia. Alimtoa mtoto wake bega la kulia akamweka la kushoto, akaichukua kofia, akaigeuza nyuma. Hapo ndipo alipoliona nusu ua.

Tulieni basi, tuirudie kofia hiyo tangu ilipokuwa karatasi.

Baba yake Mize, Mzee Vuai, aliuza kofia miaka arubaini. Macho yalipokufa, vidole vyake vilibaki vinaona. Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa na ila moja. Alianza chuo, akaacha njiani. Alianza kusuka ukili wa mikeka, akaacha njiani. Akaposwa, akakubali, siku tatu kabla ya arusi akageuka, akaolewa na Makame mvunja mawe. Mzee akafunga mlango. Akatuma neno: "Siku atakayoniletea kofia aliyoichora kwa mkono wake, imetimia mwanzo hadi mwisho, siku hiyo nitampa radhi yangu. Kabla ya hapo asiukanyage mlango huu."

Katika mji huo kofia ilikuwa na watu wawili. Mmoja huchora, mwingine hushona juu ya mistari. Lakini kofia huitwa kwa jina la aliyeichora.

Mize akaenda kwa Bi Kazija, mchoraji wa kofia aliyewashinda wote. Akapiga hodi, akaamkia, akakaa ukingoni mwa mkeka kama mtu atakayefukuzwa. Bi Kazija akampa penseli na kipande cha karatasi kirefu, chembamba, sawa na ukanda unaozunguka kichwa.

"Chora maua manane," alisema.

Mize akachora. Mtoto akalia. Akambembeleza, akachora. Akapeleka.

Bi Kazija alitazama, akapiga mstari mmoja kutoka kona hadi kona.

"Tena."

Mize akarudi nyumbani, akachora. Mtoto akalia. Akambembeleza, akachora. Akapeleka.

"Tena."

"Bi Kazija, nimekosea wapi?"

"Nikikwambia, litaona jicho langu, si lako. Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Tena, mwanangu."

Mara tisa Mize alichora, na mara tisa ukapita ule mstari kutoka kona hadi kona. Mara ya tisa wanafunzi wengine wawili walikuwapo. Mmoja akasema chini chini, "Huyu karatasi zake za kufungia karanga," wakacheka. Bi Kazija hakucheka, lakini hakuwanyamazisha.

Mize alitoka pale akielekea kwake. Somoe alikuwa barazani akichambua mchele.

"Hebu nione," alisema Somoe. "Mashallah! Maua yamechanua haya, shoga! Nani kayapiga mstari? Mikono mingine ina husuda."

"Kweli ni mazuri?"

"Nikuongopee ili nipate nini?"

Na kweli yalikuwa mazuri. Kila jani lilikuwa na mshipa wake, kila ua lilikuwa na macho yake. Lakini Mize alianzia upande mmoja wa karatasi, akaenda hadi upande wa pili, na kila mtoto alipolia ua lilitoka kubwa kidogo kuliko la kabla yake. La nane likawa halina pa kukaa. Likabaki nusu. Juu ya karatasi iliyolala, nusu ile ilionekana kama ua linalochungulia dirishani. Somoe hakuona kosa. Mize naye hakuliona, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zoezi hutazamwa limelala, bali kofia huvaliwa imezunguka.

Tangu siku hiyo hakurudi kwa Bi Kazija. Kila karatasi alimwonyesha Somoe. Kila karatasi Somoe alisema mashallah. Baada ya mwezi mmoja Mize alinunua kitambaa cheupe cha bafta, akachora ukanda wa kweli, akampelekea wifi yake Mwanakheri aushone.

Mwanakheri alikuwa mshonaji wa maneno machache. Aliutandika ukanda mapajani, akautazama kwa muda.

"Wifi, huu umetazamwa?"

"Umetazamwa," alisema Mize.

Mwanakheri akatia uzi sindanoni. Miezi mitatu alitoboa na kuzungushia uzi, tundu kwa tundu. Siku ya kuunganisha ncha mbili, nusu ua likakutana na ua zima. Mwanakheri alikaa nalo kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Mwisho akaunganisha vivyo hivyo, akauweka mshono upande wa kisogoni. Alijiambia kwamba mzee haoni.

Mize alipoletewa kofia aliiangalia kwa mbele, machozi yakamtoka kwa furaha, hakuigeuza. Kwa kuwa mlango wa baba yake alikuwa haukanyagi, akampa Somoe aipeleke.

Yaliyobaki mmekwisha kuyasikia.

Sasa, kofia nyingine ingetaka miezi mitatu. Mzee Vuai hakuwa na miezi mitatu. Siku ya nne baada ya kuirudisha kofia, aliomba maji, akanywa mafunda mawili, akafa. Mize aliukanyaga mlango wa baba yake siku ya maziko, na hakuwapo wa kumkataza wala wa kumkaribisha. Alipita akakaa nyuma ya wanawake wote, karibu na mitungi. Watu walimpa pole. Radhi hakupewa na mtu, maana hakuna awezaye kuitoa kwa niaba ya maiti.

Siku ya tatu, baada ya hitima, sahani zilikuwa zimeoshwa na wanawake wengi wameondoka. Mize aliitoa kofia kifuani mwake, akaiweka juu ya mkeka, nyuma ikiwa juu. Waliokuwapo walikuwa Somoe, Mwanakheri na Bi Kazija.

"Ninyi nyote mliyaona maua haya yakiwa mistari," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi wainame wamsikie. "Nambieni."

Somoe akaanza kulia kabla hajasema. "Mimi si mchoraji, shoga. Mimi nachambua mchele. Ulikuja kwangu umekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, unataka neno moja la kukutia moyo. Nilikupa. Ningekwambia nini? Bila mimi ungeitupa penseli siku ile ile. Kama wema ni kosa, basi nimekosa."

"Wema wako ndio uliomlaza," alisema Bi Kazija.

"Na ukali wako ndio uliomkimbiza!" alijibu Somoe. "Mara tisa, bibi! Mara tisa tena, tena, kama kasuku. Neno moja tu la 'wapi' lingekugharimu nini?"

Bi Kazija alivikunja chini ya kanga vidole vyake vilivyopinda. "Mimi sikumwongopea hata siku moja. Kila nilipopiga mstari, palikuwa na kosa. Nami nilipigiwa mara ishirini na saba, ya ishirini na nane nikaona mwenyewe kwamba ukanda hukunjwa mara mbili, mara nne, mara nane, sehemu zote sawa, kabla ya penseli kuugusa. Sijasahau tena hadi leo. Huyu alibakiza kidogo aone. Akaondoka bila kuaga. Nilimngojea wiki mbili, mkeka wake nikautandika kila asubuhi."

Mize aliinua uso. Hilo hakulijua.

Mwanakheri alikuwa akivuta uzi uliotoka kwenye pindo la kanga yake. "Mimi niliona," alisema. "Niliona siku ya kwanza. Lakini mshonaji hafuti mstari wa mchoraji, ndivyo tulivyolelewa. Na zaidi ya hapo nilikuuliza, wifi. Nilikuuliza, umetazamwa? Ukasema umetazamwa."

"Ulitazamwa," alisema Mize.

"Na nani?"

Mtoto alianza kulia, na safari hii Mize hakumbembeleza.

"Hata hivyo," alisema Mwanakheri polepole, "nilijua mshono nauweka nyuma kwa nini."

Shangazi mmoja aliyekuwa akifagia uani, bila kuinua mgongo, alisema, "Na marehemu je? Mtu ahangaike miezi yote hiyo, wewe umhukumu kwa kidole kimoja?" Wakamwambia astaghafiru, maiti hasemwi. Akaendelea kufagia.

Wakaagana bila kushikana mikono.

Asubuhi iliyofuata Mize aliamka mapema, akamnyonyesha mtoto hadi akalala. Akachukua karatasi ndefu nyembamba. Akaikunja mara mbili, mara nne, mara nane. Akaifungua, akachora ua moja kati ya kila mkunjo na mkunjo. Maua yale hayakuwa mazuri kama ya kwanza. Akazikutanisha ncha mbili, akazibana kwa mwiba. Akaizungusha kwa vidole, amefumba macho.

Kisha akamfunga mtoto mgongoni. Akapita mbele ya Somoe, akamsalimu, hakumwonyesha. Akapita mbele ya Mwanakheri, akamsalimu, hakumwonyesha. Akapiga hodi kwa Bi Kazija. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Mize alikaa katikati yake, si ukingoni, akaiweka karatasi mbele ya mwalimu wake, na penseli ubavuni mwa karatasi.

"Bi Kazija," alisema, "leo usinambie 'tena'. Nambie 'wapi'."

Bi Kazija akaishika penseli.

Sisi tuwaache hapo. Karatasi hiyo, ikiwa kamili au si kamili, haina wa kupelekewa. Yuko aliyesifu asichokijua, yuko aliyejua asieleze, yuko aliyeona akanyamaza, na yuko aliyechoka kuambiwa kweli akaenda kutafuta tamu. Na mwenye kufagia kamtaja wa tano. Je, enyi mlioketi hapa, nani aliyempotezea Mize radhi ya baba yake?