Kiboko Atuzwa Golini

Paukwa!
Pakawa!
Uwanja upo?
Upo, na magoli yake!
Na refa?
Kameza filimbi!
Haya tulieni, mechi inaanza. Na wewe unayecheka huko nyuma, sijafika hata penye kuchekesha.

Hapo kale Kuchakulo, yule mnyama mdogo wa mkia mrefu, alikuwa nahodha wa timu ya Chuo cha Kichuguuni. Mwaka ule timu iliwaka, jamani! Wakaenda kwa Nyani, wakapiga, pa! Nyani wakalia. Wakaenda kwa Ngiri, wakapiga, pa! Ngiri wakalia. Wakaenda kwa Pundamilia, wakapiga, pa! Pundamilia wakasusa hata kupeana mikono. Ikabaki fainali na Chuo cha Bwawani.

Na kipa wa Bwawani ni nani? Kiboko! Mwanachuo tangu enzi za babu zetu, hafaulu wala hafukuzwi. Lango lote yeye. Mpira ukienda kushoto, tumbo. Ukienda kulia, tumbo. Ndu! Unarudi ulikotoka.

Tena fainali ile haikuwa ya kombe tu. Ukoo wa washindi ndio uliotangulia kunywa bwawani kiangazi kizima. Miaka yote walishinda kina Kiboko, na Kiboko hakuwa wa kunywa akaondoka. Aliingia, akaoga, akalala humo humo, wengine wakaachiwa tope. Wadogo zake Kuchakulo walilinywa tope lile wakashika matumbo, na kaka yao roho ilimuuma kila akiwaona.

Sasa nchi ile ilikuwa na desturi yake. Mchezaji akifanya jambo zuri, shabiki yeyote humtuza papo hapo, hata akiwa wa timu pinzani. Naye mchezaji huifuata tuzo ilipo, akanengua kidogo, akaipokea. Hata refa hakuthubutu kuingilia.

Kuchakulo akamwendea Kanga, kiongozi wa mashabiki wa Kichuguuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyong'onyea?"

"Shangazi, leo naomba mumtuze Kiboko."

"Ebo! Jua limekupiga?"

"Mtuzeni matikiti. Kila akiokoa, tikiti. Ila kila tikiti liwe mbali na goli kuliko lililotangulia."

Kanga akaangua kicheko mpaka mabawa yakamlegea.

Filimbi ikalia, priii! Kuchakulo akapiga. Ndu! Tumbo. "Tumtuze!" Tikiti likawekwa kando ya mlingoti. Kiboko akanengua, akalitia kinywani, kwachu! Akarudi golini.

Kuchakulo akapiga. Ndu! Tumbo. "Tumtuze!" Tikiti likawekwa kwenye kibendera cha kona. Kiboko akanengua, kwachu! Akarudi golini, anahema.

"Mdogo wangu," akasema, maji ya tikiti yakimchuruzika kidevuni, "piga tena bwana, njaa inauma!"

"Naja, kaka Kiboko. Usiwe na haraka."

Dakika zikayoyoma, bado bila kwa bila. Ikabaki dakika moja, Kuchakulo akausogelea mpira. Akapiga kashuti kachovu kabisa. Ndu! "Tumtuze!" Safari hii lilikuwa rundo zima la matikiti, katikati ya uwanja!

"Kiboko, goli! Rudi golini, wewe!" wenzake wakapiga mayowe.

"Niacheni! Tuzo haikataliwi!" Huyo, tingi, tingi, tingi!

Mpira uko miguuni kwa Kuchakulo, na lango li wazi. Hakupiga kwa nguvu. Aliusindikiza taratibu mpaka wavuni.

Goooli! Priii! Mpira umekwisha! Vumbi likatimka, vigelegele vikapasua anga, Kuchakulo akabebwa juu juu huku analia na kucheka. Kiboko akageuka, mashavu yamemtuna.

"Nani kafunga?"

"Sisi," akasema Kuchakulo. "Wewe kula tu, kaka."

Kesho yake wadogo zake walikunywa maji wakayaona mpaka chini.

Ngano imefika kituoni. Iliyowanogea bebeni, iliyochacha nirudishieni sufuria langu. Na fundisho lake, wanangu, ni ukarimu. Mwenye nguvu msimwonee choyo, mlisheni. Akishiba, mlisheni tena. Na mkiona ameanza kusogea mlangoni, hapo ndipo mmpakulie vizuri zaidi.