Sauti Aliyoikataza Mwakio

Mtu mmoja alikuwa na sauti nzuri, na binti mmoja wa kumrithisha. Jina lake Mwakio, kiongozi wa kwaya ya kanisa katika kijiji cha milimani. Alikuwa amefiwa na mkewe, akamlea binti huyo, Wakesho, peke yake, na alimfundisha kuimba kabla hajajua kusoma. Wakipalilia mahindi waliimba, wakichambua maharagwe waliimba. Kila Jumapili watu walipotoka ibadani walimwambia, "Mwakio, huyo umemzaa kooni." Neno hilo lilimshibisha wiki nzima.

Wakesho alipoingia gredi ya saba alimkuta mwalimu mgeni, Kerubo, aliyewafundisha muziki, uchoraji na michezo. Wazazi wengi waliona hizo ni saa za kupumzisha watoto. Kerubo hakuwapumzisha. Aliwakimbiza uwanjani mpaka vifua vikafunguka, kisha akawasimamisha papo hapo, wakihema, akawaambia waimbe. Aliwapa mkaa na karatasi wachore mlima, kisha waimbe kwa kuufuata mstari wake, kupanda na kushuka. Kabla muhula haujaisha, sauti ya Wakesho ilipanda mahali ambapo baba yake hakuwahi kufika.

Jumapili moja sauti hiyo ilipanda kanisani. Watu waliinua vichwa. Mwakio naye alisisimka, mkono ukabaki hewani, na kwa pumzi moja alifurahi. Kisha wakatoka nje, mama mmoja akasema, "Yule mwalimu ana mkono wa kulea sauti." Hakuna aliyemtaja Mwakio.

Wivu ni kama funza. Huingia kwa mwasho mdogo, mtu akajikuna kwa raha. Binti alipoimba jikoni, Mwakio alimwambia anapiga kelele. Alipomtaja mwalimu wakati wa kula, baba aliinuka akaacha ugali sahanini. Alijiambia kwamba analinda nyimbo za Mungu zisichafuliwe, maana wivu ukivaa kanzu ya ibada hata mwenye nao hautambui. Mwisho alikwenda kwa mwalimu mkuu, akaomba binti yake atolewe katika masomo yale, akae afanye hesabu. Akakubaliwa. Kerubo alimfuata nyumbani kumsihi, na Mwakio hakumkaribisha kiti. Alimgeukia Wakesho, mbele ya mgeni, akamwambia kwamba tangu siku ile ataimba alivyofundishwa na baba yake, basi.

Wakesho alitii. Wenzake walipokimbia uwanjani, aliwatazama dirishani. Kanisani aliimba yote aliyofundishwa na baba, kila noti mahali pake, bila kosa na bila kuzidisha. Watu hawakuinua vichwa tena.

Muhula mwingine ukaanza, na sikukuu ya mavuno ikafika. Kwaya za makanisa ya jirani zilikuja, kanisa likajaa hadi barazani. Kwenye ubeti wa mwisho Mwakio aliinua mkono juu, akamkazia binti yake macho, akaingoja ile sauti. Moyo ulimdunda kama wa mtu aliyeomba mvua akaona wingu. Haikuja. Wimbo uliishia chini, na wageni wakapiga makofi ya adabu.

Njiani kurudi nyumbani alimwuliza, kwa upole ambao hakuuzoea, kwa nini hakuipandisha.

"Ile ulinikataza, baba," alisema Wakesho. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake alikoweka jembe.

Kesho yake Mwakio alifika shuleni kabla ya kengele ya kwanza. Aliambiwa kwamba Kerubo alihamishwa wakati wa likizo, na saa zake zimepewa hesabu. Aliupita uwanja akirudi. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota pale watoto walipokuwa wakikimbia.

Nanyi mnaopiga magoti kuwaombea watoto wenu makuu, mkijibiwa kwa mkono wa mtu mwingine, mtashukuru, au mtasema hamkuomba?