Dokezo Lisilo na Jina

Kishindo kimoja. Kimoja tu, kizito, kutoka bondeni kwenye bomba kuu la maji, kisha kimya.

Ilikuwa saa kumi usiku. Wengi mjini waligeukia upande wa pili wakaendelea kulala. Injinia Mtalemwa hakulala. Alikaa kitandani akatabasamu gizani, na tabasamu hilo ndilo lililonifanya nikutumie kisa hiki. Kisome hadi mwisho, kisha mpe mwenzako mnayekaa naye ofisi moja.

Mtalemwa alikuwa mkuu wa kitengo cha usanifu katika shirika kubwa la maji. Kubwa kiasi kwamba kuomba balbu mpya kulihitaji sahihi nne. Miaka kumi na tisa alikikalia kiti kile akisubiri kitu kimoja: cheo cha Mhandisi Mkuu. Ndipo akaletewa mhandisi kijana, binti aliyetoka chuo, akapewa meza ya nyuma karibu na mashine ya fotokopi.

Binti yule hakumkosea lolote. Alimwamkia kila asubuhi kwa adabu. Lakini alifikiri haraka. Tatizo ambalo Mtalemwa angelizunguka wiki nzima, yeye alilimaliza kabla chai haijapoa. Mafundi wa mtambo wakaanza kuupita mlango wa Mtalemwa na kwenda kwenye ile meza ya nyuma. Mtalemwa aliwahesabu. Jumatatu wanne. Jumanne saba. Alisikia vicheko vyao kupitia ukutani, na kila kicheko kilimkwama kama mwiba wa samaki kooni.

Hakuweza kumfukuza. Hakuweza kumzidi. Basi akaacha kulitaja jina lake.

Alisema aitwe yule wa nyuma. Alisema mtaalamu wetu aulizwe. Kwenye vikao alisema vijana wamefanya, hata kama kijana alikuwa mmoja. Mwaka ukapita, ukaja wa pili, ukaja wa tatu, na jina halikutoka kinywani mwake.

Siku moja binti akaandika dokezo. Katika shirika lile hakuna jambo linalofanyika bila dokezo: wazo huandikwa kwenye karatasi, karatasi hupanda kutoka meza hadi meza, na kila mkubwa hutia sahihi. Hili lilikuwa la kurasa tano, nalo lilihusu kifaa cha kufungwa kwenye bomba kuu linalopandisha maji mlimani hadi hospitali. Mtalemwa alisoma ukurasa wa kwanza, wenye jina la mwandishi, akashindwa kuendelea. Lilikuwa zuri. Alijua kwa mistari mitatu tu kwamba lilikuwa zuri.

Akauchapa upya ukurasa ule, akauanza kwa maneno "Kitengo kimebaini", akatia sahihi yake, akaambatanisha kurasa nne zilizobaki bila kuzisoma. Ukurasa wenye jina akaufungia kabatini.

Bi. Sikitu wa masjala, anayetunza majalada yote, alilifunua dokezo akashusha miwani.

"Injinia, hiki kitengo chenu kina mkono mzuri wa kuchora. Kimeolewa au bado?"

Mtalemwa akamwambia agonge mhuri.

Dokezo likapanda, likarudi, kifaa kikatengenezwa na kufungwa bondeni. Kilikuwa bamba la chuma pembeni mwa bomba. Mtalemwa aliushangaa wembamba wake, lakini kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hakusoma. Siku ya uzinduzi akapewa cheti. Binti alipiga makofi pamoja na wengine, kwa moyo mmoja, na hata makofi yale yalimuuma.

Ndiyo maana alitabasamu aliposikia kishindo: alijua ni kifaa cha binti kimevunjika.

Alfajiri alishuka bondeni peke yake. Bamba lilikuwa limepasuka katikati na maji yanamwagika mtaroni. Hakupanda mlimani kuiangalia hospitali. Alikwenda moja kwa moja ofisini, akafungua kabati, akautoa ule ukurasa.

Saa tatu asubuhi Mkurugenzi Mkuu, mama aliyehamia hapo miezi miwili tu, aliwaita wakuu wote. Aliwaeleza kwamba umeme ulikatika, pampu zikasimama, na kifaa cha bondeni kimepasuka. Akauliza ni nani aliyekibuni. Wakuu wakatazama meza, maana kila mmoja alikumbuka sahihi yake. Mtalemwa peke yake ndiye aliyenyoosha mkono.

"Hapa pameandikwa kitengo, Injinia," Mkurugenzi alisema, akigusa jalada lililokuwa mbele yake. "Na sahihi ni yako."

"Si kitengo, Mkurugenzi. Ni mtu mmoja peke yake. Sisi wengine hatukuhusika hata kidogo."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Ushahidi huu hapa."

Akausukuma ukurasa mezani. Mkurugenzi aliusoma kimya. Kisha akafungua jalada, akatafuta ukurasa wa tatu wa dokezo, akasoma kwa sauti, polepole:

"Pampu zikisimama ghafla, maji yatarudi kutoka mlimani kwa nguvu. Bamba hili limefanywa jembamba makusudi, ili lipasuke lenyewe kabla bomba halijapasuka."

Akalifunga jalada.

"Bomba ni zima," Mkurugenzi alisema. "Mafundi wameshaweka bamba jingine, na hospitali ina maji. Leo bodi inataka jina la Mhandisi Mkuu mpya. Nilikuja na jina lako, Injinia, kwa sababu ya sahihi hii."

Mtalemwa akaanza kueleza kwamba, kwa kweli, kazi zote za kitengo hupitia mikononi mwake, na kwamba huenda hakueleweka vizuri. Mkurugenzi akamgeukia katibu wa kikao, akamwomba asome alichoandika. Katibu akasoma. Mtu mmoja peke yake. Sisi wengine hatukuhusika hata kidogo. Hata mimi.

Mkurugenzi akamrudishia Mtalemwa ukurasa.

"Mimi mgeni, watu wako sijawazoea. Litaje jina hili wewe, kwa sauti, liingie kwenye kumbukumbu, nami nilipeleke kwa bodi."

Mtalemwa akautazama ukurasa. Miaka mitatu alikuwa akiliruka jina lile kama mtu anavyoruka dimbwi. Sasa hapakuwa na pa kurukia.

"Atuganile," alisema. "Atuganile Mwasomola."

Funzo: Mwenye wivu hulificha jina la mwenzake ili apande yeye, kumbe anajifumba macho asione hata kilicho mikononi mwake. Mtaje aliyefanya kazi siku ileile ya kazi, ukiwa bado unaweza kumtaja kwa hiari.