Pimbi na Fimbo ya Abati

Paukwa!

Pakawa!

Wadogo songeeni, wakubwa tulieni.

Hapo zamani za kale, juu ya jabali moja refu, palikuwa na nyumba ya wanyama watawa. Wanyama hao walilima pamoja, walisali pamoja, walikula chungu kimoja. Hakuna aliyesema "changu". Mkuu wao aliitwa Abati, naye ndiye aliyeshika fimbo ya uchungaji.

Mtawa mmoja alikuwa Pimbi. Pimbi huyo, maswali! Akiona moshi, anauliza. Akisikia kishindo, anauliza.

Siku moja Abati Nungunungu akafa. Watawa wakalia, wakazika. Hawajachagua mwingine, mara tifu, tifu, tifu! Chui, mtawala wa bonde, akapanda na rafiki yake Fisi.

"Shamba mnalolima niliwapa mimi," Chui akasema. "Basi na Abati nawapa mimi. Huyu hapa!"

Fisi akanyakua fimbo. Hakulima. Hakusali. Akaingia ghalani, kwaru, kwaru, kwaru! Mtama ukaisha. Maharage yakaisha. Watawa wakalala njaa.

Pimbi akamwendea. "Baba Abati, fimbo hiyo hutoka kwa nani?"

"Kwa Chui! Toka hapa!"

Pimbi akatoka, lakini swali halikumtoka. Hivi kweli fimbo ya sala hutoka kwa mwenye kucha kali? Akafunga safari. Akapanda, akashuka, akapanda, mpaka Mlima wa Theluji, kwa Tai, Baba Mkuu wa nyumba zote za sala.

Tai aliposikia, manyoya yakamsimama. "Chui hana ruhusa! Asikanyage nyumba ya sala, na mnyama yeyote asimtii, mpaka atubu!"

Habari zikaenea, vuu! Chui akanguruma, hakuna aliyeshtuka. Akaamuru, hakuna aliyeinuka. Utawala ukamponyoka hivi hivi anaona. Basi naye akapanda mlima, akasimama mlangoni kwa Tai, miguu kwenye theluji, meno yakigongana.

"Nisamehe, Baba Mkuu."

Tai akamsamehe. Fisi, kule kwenye nyumba ya watawa, kusikia hivyo, akaitupa fimbo, akatimua mbio.

Pimbi, aliyekuwa bado kwa Tai, akapiga vigelegele. Tai akasema, "Sasa fimbo naitoa mimi. Nampa mpwa wangu, Kipanga."

Kipanga! Kipanga alaye pimbi! Pimbi akasita. Tai ndiye aliyewaokoa; atamwulizaje? Lakini swali lilimwasha kooni.

"Samahani, Baba Mkuu. Chui alitupa rafiki yake. Wewe unatupa mpwa wako. Sisi tutakaoongozwa, tutaulizwa lini?"

Pale mlangoni Chui akasimamisha masikio. Tai akazitazama kucha zake, akazitazama tena.

"Nendeni," akasema polepole, "mkachague wenyewe."

Watawa wakakutana. Pimbi moyoni akajua: watanichagua mimi. Nani mwingine aliyekwenda mlimani? Lakini wakamchagua mtawa mwenzao Digidigi, mpole, msikivu.

Pimbi akaitazama fimbo pale Fisi alipoitupa, kisha akaiokota, akamkabidhi Digidigi kwa mikono yake.

"Ndugu Pimbi," Digidigi akanong'ona, "ulitaka iwe yako?"

"Nilitaka. Hata sasa bado nataka kidogo."

Wakacheka wote wawili, wakashika majembe, wakaenda kupanda mtama.

Basi sikieni. Anayewaongoza wenzake achaguliwe na hao anaowaongoza. Na mwenye mamlaka aulizwe, hata kama ndiye aliyekutendea wema.

Hadithi yangu imefika, naitua hapa.