Fungo Mwonjaji na Kapu la Posa

Kaeni mkao wa kula.

— Tumekaa.

Sahani mnazo?

— Masikio.

Na kijiko?

— Ulimi wako.

Basi nipakue?

— Pakua, tena ujaze.

Zamani, zamani ile ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu, wanyama walikuwa na gulio lao kando ya mto, pale mto unapokunja kona. Gulio ni soko la siku moja kwa wiki. Siku hiyo kila mnyama alikoga, akajipaka mafuta, akaenda kubadilishana alicho nacho kwa asichokuwa nacho.

Gulio hilo lilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: kuonja hakuuzwi. Mwenye chungu akiombwa kionjo, hutoa. Hakunji uso, wala haulizi kama utanunua au hununui. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya soko.

Na katika wanyama wote, hapakuwa na aliyeipenda sheria hiyo kama Fungo.

Fungo mnamjua? Yule mwenye madoa ubavuni na weusi machoni, utadhani alichungulia chini ya chungu kikiwa jikoni. Ndiye huyo. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye ulimi mtamu na tumbo lisilo na adabu. Siku ya gulio hakuwasha moto kwake. Alichukua kofia yake, akachukua tumbo lake, akaenda zake akiimba:

*Onja, onja, kuonja hakuuzwi,*
*ulimi hauna mfuko;*
*tamu, tamu, tamu kweli,*
*nizunguke kwanza, nitarudi.*

Haya, itikieni nami. Msiniachie wimbo peke yangu kama yatima.

Kwanza Fungo alifika kwa Bi Kanga, muuza vitumbua.

"Shikamoo, Bi Kanga."

"Marahaba, mwanangu. Karibu vitumbua."

"Nionjeshe kimoja, nijue kama iliki imekolea."

Bi Kanga akampa. Fungo akakitia kinywani, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Bi Kanga, mikono yako ina baraka. Nitachukua sinia zima. Nizunguke kwanza, nitarudi."

Bi Kanga akafurahi. Akatenga sinia, akalifunika kwa jani la mgomba, akangoja. Jua likazama, vitumbua vikapoa, Fungo hakurudi.

Kutoka hapo alifika kwa Nyegere, muuza asali. Nyegere hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Onja," alisema.

Fungo akachovya kidole. Akachovya cha pili ili ahakikishe kile cha kwanza hakikumdanganya. Akachovya cha tatu ili asiwaonee vidole vingine.

"Hii ndiyo asali, Bwana Nyegere. Nijazie kibuyu. Nizunguke kwanza, nitarudi."

Nyegere akajaza kibuyu, akakiziba, akangoja. Sisimizi walikuja. Fungo hakurudi.

Halafu akafika kwa Mzee Nungunungu, muuza mihogo ya kuchoma. Akapewa kipande kilichopakwa chumvi na pilipili, akakila kikiwa bado cha moto.

"Mzee wangu, muhogo huu hauna mwenziwe. Nichomee fungu kubwa. Nizunguke kwanza, nitarudi."

Mzee Nungunungu akachochea makaa, akachoma fungu kubwa. Mihogo ikakauka ikawa kama kuni, Fungo hakurudi.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Na siku Kima alipofungua kibanda kipya cha maembe, akapiga ngoma na kutangaza kwamba kila mgeni atapewa embe moja la bure, Fungo alifika wa kwanza. Akala embe. Akaenda nyuma ya mti, akajitanda kanga kichwani, akarudi akiwa bibi kizee. Akala embe. Akaenda tena nyuma ya mti, akarudi akichechemea, mkono kiunoni, akiwa mgonjwa. Akala embe. Kima alimtazama mgonjwa huyo, akayaona madoa, akamwacha aende zake. Ahadi ilikuwa kwa kila mgeni, naye alikuwa ameitamka mwenyewe mbele ya watu.

Wewe uliyekaa karibu na mlango, usicheke sana. Nilikuona kwenye harusi ya juzi.

Sasa, mwisho kabisa wa gulio alikaa binti wa Nguchiro, jina lake Mashavu. Aliuza maji ya ukwaju. Fungo aliyaonja maji yale mara moja, na tangu hapo akawa anakwenda pale hata akiwa hana kiu. Alimpenda Mashavu. Hilo nawaambieni bila kuficha, alimpenda kweli. Kila gulio alichuchumaa mbele ya mtungi wake, akamwaga maneno.

"Mashavu, wewe ndiye kivuli cha mchana wangu. Nitakuletea wazee wangu, waje wakupose."

"Lini?"

"Nizunguke kwanza, nitarudi."

Mara ya kwanza Mashavu alicheka. Mara ya pili alitabasamu tu. Mara ya tatu hakucheka wala hakutabasamu, aliinamisha uso akapanga vikombe vyake.

Mama yake, Mama Nguchiro, aliyaona hayo yote. Siku hiyo akaja na kapu jipya la ukindu, akaliweka miguuni pa Fungo.

"Mwanangu," alisema, "huku kwetu hatutaki ng'ombe wala vitambaa. Anayetaka kuoa hulijaza kapu hili hapa gulioni, kwa kubadilisha kitu alichokipika au kukilima kwa mikono yake. Kicheche naye ameleta maneno ya posa. Gulio lijalo, jua likifika utosini, nataka nilione kapu lako limejaa. Likiwa tupu, usitupitie tena."

"Mama mkwe," alisema Fungo, "lihesabu limejaa."

"Mama mkwe bado," alijibu Mama Nguchiro. "Lijaze kwanza."

Fungo akaenda nyumbani na kapu lake, anacheka peke yake njiani. Moyoni alisema: "Kicheche anajua nini? Soko hili nimeliramba kona zote. Najua chumvi inayomsimamisha mpita njia. Najua harufu inayomgeuza aliyekwisha kwenda. Nani wa kunifundisha mimi vionjo?"

Na msimdharau. Alikuwa na haki ya kujisifu. Ulimi ulioonja vyungu vyote vya soko unajua siri za vyungu vyote. Fungo akachambua mbaazi, akaziloweka, akakuna nazi mpaka kiganja kikamuwaka. Akakamua tui zito, akatia kitunguu na bizari, akakoleza moto, akapunguza moto, akakaa na chungu chake kama mzazi na mtoto mchanga. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya kazi ya namna ile. Zilipoiva, alionja, akakaa chini. Hakuna mtu kwenye gulio lile aliyewahi kupika mbaazi kama zile.

Siku ya gulio akaweka chungu mahali pazuri, kapu pembeni, kata ya kuchotea mkononi. Akafunua kifuniko. Harufu ikatoka, ikapita katikati ya soko ikiwashika wanyama pua mmoja mmoja. Fungo akapiga ngoma, akaimba kwa sauti:

*Onja, onja, kuonja hakuuzwi,*
*ulimi hauna mfuko...*

Akaja Bi Kanga.

"Shikamoo, Bi Kanga. Karibu mbaazi."

"Marahaba, mwanangu. Nionjeshe, nijue kama tui limekolea."

Fungo akamchotea kata nzima. Bi Kanga akala, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Mwanangu, una mikono ya baraka. Nitachukua bakuli kubwa. Nizunguke kwanza, nitarudi."

Fungo akafurahi. Akajaza bakuli kubwa, akalifunika kwa jani la mgomba, akalitenga.

Akaja Nyegere. "Nionjeshe," alisema. Akala kata ya kwanza, akala ya pili, akala ya tatu. Akajifuta mdomo. "Niwekee. Nizunguke kwanza, nitarudi."

Akaja Mzee Nungunungu kwa mwendo wake wa pole, miiba ikigongana. Akaonja, akasifu kwa maneno marefu, akaagiza fungu kubwa. "Nizunguke kwanza, mjukuu wangu. Nitarudi."

Halafu akaja Kima. Akala. Akaenda nyuma ya mti, akarudi amejitanda kanga, bibi kizee mwenye mkia mrefu. Akala. Akaenda tena nyuma ya mti, akarudi akichechemea, mkono kiunoni. Fungo alimtazama mgonjwa yule. Aliujua ule mchechemeo, maana ulikuwa wake. Lakini kuonja hakuuzwi. Akachota, akampa.

Soko zima likapita pale. Kila aliyepita alionja, kila aliyeonja alisifu, na kila aliyesifu aliimba:

*Tamu, tamu, tamu kweli,*
*nizunguke kwanza, nitarudi.*

Jua likapanda. Fungo akatazama chungu, kimeshuka hadi nusu. Akatazama kapu, ni tupu. Akaanza kuwanyima wengine? Angewanyimaje, na wimbo kauimba mwenyewe? Akafunua mabakuli aliyoyatenga, akayatoa nayo yaonjwe, akitumaini huyu atanunua, yule atanunua. Kata ikaanza kukwaruza chini.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Akamkimbilia Bi Kanga.

"Bi Kanga, ulisema utarudi."

"Nilisema."

"Kwa hiyo utarudi kweli?"

Bi Kanga hakuwa na chuki usoni. Alikuwa anageuza vitumbua vyake. "Nitarudi, mwanangu," alisema. "Kama ulivyorudi wewe."

Fungo akageuka akaondoka. Ukimwona mwenye ulimi mtamu amenyamaza, ujue limemfika.

Akarudi kwenye chungu chake. Jua lilikuwa utosini. Mama Nguchiro alikuwa amesimama pale, na binti yake Mashavu yuko mbele ya kapu, analitazama. Ndani ya kapu mlikuwa na jani moja kavu lililopeperushwa na upepo.

"Mashavu," alisema Fungo, "wamekula zote. Lakini nilipika mwenyewe. Tazama mikono yangu. Nilipika kwa ajili yako."

Mashavu akaitazama ile mikono iliyochubuka kwa kukuna nazi. Akainama, akapangusa kidole ukingoni mwa chungu, mahali palipobaki rojo kidogo. Akaonja. Machozi yakamlenga.

"Ni tamu," alisema. "Sijapata kula mbaazi kama hizi."

"Basi nipe gulio moja zaidi. Moja tu. Nitapika tena, kapu litajaa hadi limwagike."

"Fungo, maneno yako nimeyaonja tangu mvua za mwaka jana. Matamu nayo. Nilitenga moyo wangu, nikaufunika, nikangoja. Kila jua lilipozama nilikuwa bado nangoja."

"Nakupenda, Mashavu."

"Najua," alisema Mashavu. Akaokota kapu la mama yake, akalikung'uta lile jani likaanguka. "Nizunguke kwanza. Nitarudi."

"Lini?" aliuliza Fungo.

Neno hilo lilipomtoka, akalitambua. Alikuwa amelisikia mara nyingi kwenye kinywa kingine, mbele ya mtungi wa ukwaju, wala halikupata kumnyima usingizi.

Mashavu hakugeuka. Akaondoka na mama yake, wakapita katikati ya vibanda, wakapotea.

Fungo akangoja. Gulio likavunjika, akangoja. Gulio jingine likaja, akangoja. Watu wakamwambia Mashavu yuko kwa Kicheche na kapu limejaa hadi mpini, hakusadiki. Akasema: "Huenda akarudi asijue mahali." Kwa hiyo akajisugua kwenye mti wa pale, akaacha harufu yake, ili Mashavu akipita aijue.

Mpaka leo Fungo ndiyo desturi yake. Ana njia yake ile ile, ana mti wake ule ule, na kila anapopita lazima asimame ausugue, aache zabadi yake, yale mafuta yake ya harufu, anuse kama kuna aliyerudi. Wawindaji wanadhani anaweka mpaka. Sisi tunajua anangoja.

Mmeonja?

— Tumeonja.

Basi mezeni na hili. Kuonja si dhambi. Ukipewa kionjo, pokea, kula, sifu, na ukishiba shukuru. Lakini usimwambie mtu utarudi na miguu yako haina nia hiyo, kwa maana wewe unakwenda na njia yako, yeye anabaki amekutengea. Mla cha mwenzake, na chake huliwa, na siku ya chungu chako watakuja waonjaji watupu.

Chungu changu cha maneno kimefika chini. Kama kilikuwa kitamu, rambeni vidole. Kama kilipungua chumvi, mpishi ameshakwenda kulala.

Na wewe uliyekaa karibu na mlango, usiniambie utarudi. Kesho njoo na hadithi yako mkononi, nami nionje.